Punda Asiye na Cheche

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na nimemkabidhi mkunga Punda wake kabla matone hayajawa mazito. Punda ni jina aliloipa pikipiki yake ya magurudumu manne, kuukuu lakini yenye moyo. Nilimfumua hadi akabaki mifupa, nikampiga msasa, nikampuliza rangi nyekundu mara tatu, kila chuma kilichojitokeza mbele yangu. Nimejivunia, sifichi.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na gereji yangu, alitoka na mashine mkononi akasema, "Kioo, hapa hata mteja wangu anaweza kujitazama." Kioo ndiye mimi. Jina hilo nimepewa kwa sababu hakuna chombo kinachotoka kwangu bila kung'aa, na sijawahi kulikataa.

Mkunga mwenyewe alimzunguka mara moja tu. "Mwanangu, tope litaona wivu. Lakini anawaka?"

Shemeji, msaidizi wangu gerejini, akakanyaga kiki ya kuwashia, Punda akaitika hapo hapo. Mama wa watu akacheka, akafunga mkoba wake wa kazi nyuma, akaondoka. Mvua zikishachanganya hakuna gari linalopanda kwenye vitongoji vya juu. Anayepanda ni Punda peke yake, na wajawazito wa kule wanamtegemea.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Breki za lori. Shemeji kachelewa, kafika kalowa chapachapa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekula kwetu kama kila Jumapili. Ni mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa kwao, na ni mwaka wa nne sasa anafanya kazi kwangu. Zamani, akiwa bado mvulana, aliuza redio ya baba yake akanunua viatu, na kisa hicho ndicho mtaji wangu wa utani tangu nioe. Akiingia tu mlangoni nasema, "Ficheni redio, shemeji kafika!"

Leo amejibu, "Redio yenyewe hii? Hata mwizi angewaachia na hela ya kuitengeneza."

Mke wangu alicheka hadi akaweka sahani chini. Utani wa mashemeji hauna mwisho, na mimi sijawahi kuuona ubaya wake.

Jumatatu, 17 Machi

Mkunga alipita. Anasema Punda alizimika njiani kwenye mvua, akakaa kidogo, akawaka tena. Nikamwambia ni maji kwenye plagi. Nilimjibu hivyo bila hata kuinama kutazama.

Alhamisi, 20 Machi

Punda kaletwa akivutwa kwa kamba na trekta la mchanga. Mkunga alikuwa juu yake kashika usukani, tope hadi kwenye kilemba. Wanyolewaji wote walitoka kutazama, na mmoja akasema, "Kioo, usiogope, rangi bado ipo!" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini masikio yaliniwaka moto.

Petroli inafika. Nikachomoa plagi, nikaivisha kofia ya waya wake, nikailaza juu ya injini, nikamwambia shemeji akanyage kiki. Umeme ukiwepo, hapo utaona cheche ya buluu na kuisikia ikilia. Hakikutoka kitu. Nikaweka plagi mpya, kimya. Nikachomoa waya wa swichi ya kuzimia, maana swichi hiyo ikiingia maji huzima kila kitu. Kimya vile vile.

Mkunga alikuwa kwenye benchi anatutazama. "Lini, mwanangu?"

"Kesho, mama."

Nimesema kesho mbele ya watu wote wale.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho imefika na Punda bado bubu. Nimepima umeme unaotoka kwenye sumaku ya injini, upo. Mvua imenyesha kutwa. Niliona haya kumpigia mkunga simu, nikamwachia mke wangu ampigie.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefika kwenye koili, ambayo hupokea umeme mdogo, ikaukuza, ikausukuma kwenye plagi. Niliifungua, nikaweka ncha moja ya mita ya umeme kwenye kipini cha waya na nyingine kwenye mguu wa chuma unaofungwa kwenye fremu. Mshale haukutikisika. Koili imekufa. Na koili ile niliifunga mimi mwaka jana, mpya, ikitoka ndani ya boksi.

Nikaigeuzageuza mkononi, nikaanza kuona kama siijui. Baada ya rangi, aliyeirudisha kwenye fremu alikuwa shemeji, peke yake, siku niliyokwenda kufuata matairi. Basi wazo likaingia, na likishaingia halitoki.

"Shemeji, hii koili siyo ile."

"Ndiyo hiyo hiyo, shemeji."

"Ile yangu ilikuwa nzima. Hii imekufa."

"Basi imekufa. Vyuma havifi?"

"Nakuuliza, ile nyingine iko wapi?"

Akacheka akidhani tumeanza utani wetu. "Nimeshanunulia viatu."

Angejibu kingine chochote huenda ningepoa. Lakini Jumamosi kibanda cha kinyozi hujaa, na walikuwa wamenyamaza wote ili wasikie, watu wale wale walionicheka Alhamisi. Nikapaza sauti. Nikasema mwizi habadiliki, hubadilisha tu anachoiba. Nikasema kama alimwibia baba yake mzazi, mume wa dada yake ni nani hata amwache? Halafu nikauchukua mkoba wake wa spana, nikaumwaga chini mbele yao. Zikaanguka spana, kipande cha msasa, kitana, na mkate aliokuwa ameufunga kwenye karatasi. Koili haikuwemo.

Shemeji alichuchumaa akaokota kimoja kimoja. Alipoufikia mkate akaupangusa mchanga, akaurudisha nao mkobani. Aliposimama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa natania, shemeji." Akaondoka kwenye mvua.

Kinyozi akasema, "Bora umemjua mapema." Nikajiona mshindi. Jioni hii naandika na bado najiona hivyo, ila sahani yangu nimeirudisha jikoni ikiwa imejaa.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu hakuniuliza kitu. Aliweka sahani ya mdogo wake mezani kama kawaida, tukala tukiitazama, kisha akaiondoa ikiwa safi.

Jumanne, 25 Machi

Koili mpya imefika. Nimeifunga. Kimya.

Basi na sidiai, kile kisanduku cheusi kinachopanga wakati wa cheche, nacho kitakuwa kimebadilishwa. Nimemwambia kinyozi hivyo. Alinitazama kidogo zaidi ya inavyopasa, nami nikaongeza sauti.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeazima sidiai kwa fundi mwenzangu, nzima, imetoka kwenye pikipiki inayotembea. Kimya. Nimeirudisha bila kumweleza.

Jumapili, 30 Machi

Mkunga alikuja nyumbani jioni, goti limefungwa kitambaa. Amepanda vitongoji vya juu kwa miguu wiki nzima. Jana usiku waliitwa yeye na goti lake, akatembea kwenye utelezi akishika nyasi, na alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa. Mama mkwe wa mzazi ndiye aliyempokea, kwa mikono yake na woga wake. "Wote wazima," akasema. "Mungu alikuwa zamu." Akacheka.

Nilitaka anilaumu. Badala yake akanipa pole. "Naelewa, mwanangu. Ukiibiwa na mtu wa ndani, hata mikono hufa ganzi."

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika kwenye kisahani.

Jumatano, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Kupima cheche kunataka watu wawili, mmoja akanyage kiki na mwingine ashike plagi kwenye injini. Miaka minne mkanyagaji alikuwa shemeji. Leo nilikuwa peke yangu, basi nikachukua kipande cha waya, nikaifunga plagi kwenye injini ili nipate kukanyaga mwenyewe. Waya ulikuwa mrefu na sikuukata. Ncha yake ikaning'inia, ikawa inagusagusa mguu wa ile koili mpya.

Nikakanyaga. Cheche hiyo, ya buluu, inalia.

Nikakanyaga tena, ipo. Nikausogeza waya ukaacha kugusa koili. Haipo. Nikaurudisha, ipo. Nilikaa chini kwenye mafuta na suruali yangu safi.

Koili haina waya wa kurudisha umeme. Hurudisha kwa mguu wake, kupitia bolti, kwenye fremu, na hiyo ndiyo ethi yake. Ethi ikikatika, koili ni jiwe. Nikafungua bolti. Pale mguu unapokaa kwenye fremu palikuwa pekundu, rangi mara tatu, nzito, laini, nzuri. Fundi yeyote angeizungushia karatasi sehemu ile kabla ya kupuliza. Mimi nilipuliza kwa sababu nilitaka ing'ae mpaka mahali pasipoonekana na mtu. Mwanzoni umeme ulikuwa ukijipenyeza kwenye meno ya bolti. Mvua ikaingiza kutu, njia ikazibika.

Kisha nikakumbuka koili ya zamani. Niliitoa kwenye kopo nilikoitupa. Mguu wake nao mwekundu. Siku ile ncha ya mita niliiweka juu ya rangi, rangi yangu mwenyewe, na rangi haipitishi umeme. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu. Nikaikwangua kwa kisu mpaka chuma kikatokea, nikapima. Mshale ukaruka.

Haikuwa imekufa. Haikuwa imebadilishwa. Ni ile ile, kama alivyoniambia.

Nimeikwangua na fremu, nimeifunga koili ya zamani. Punda kaitika kwa kiki ya kwanza. Nikamzima haraka, kinyozi asije akasikia. Nimeandika hilo na ninalirudia kulisoma: nilimzima ili wasijue kwamba kapona.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkunga kamchukua Punda. Kinyozi alisimama mlangoni. "Kumbe ilikuwa nini?"

"Umeme," nikasema.

"Yale aliyobadilisha shemeji yako?"

Nikainama kukaza bolti ambayo nilikuwa nimeshaikaza. Kinyozi akalichukulia hilo kuwa ndiyo. "Kioo ni Kioo!" akawaambia wateja wake. Mkunga akanishika bega kwa shukrani. Nilitamani mkono wake uwe mzito zaidi, uniumize.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikufungua gereji. Nimesema kichwa kinauma.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mke wangu kasema shemeji amepata kazi ya kupanga mbao kwenye kiwanda cha mbao. Alisema akiwa amenipa mgongo, na mimi nikauambia mgongo ule, "Vizuri."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Leo ningeweza kumwambia. Sikumwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkunga alikuja kubadilisha oili. Goti linapona, Punda anapanda hata penye maporomoko. Alikuwa na furaha, na akiwa na furaha hutaka kumsaidia kila mtu.

"Mwenye kile kiwanda cha mbao, mkewe nimemzalisha mimi wote watatu," akasema. "Nimemwambia amwangalie shemeji yako kwa macho mawili. Si kwa ubaya! Kijana bado. Akibanwa mapema atanyooka."

Nilikuwa nimeshika kopo la oili. Nilichomjibu nakiandika kama kilivyotoka kinywani mwangu. Nilimwambia, "Asante, mama."

Nimekuwa mtu gani? Uongo wangu umepewa miguu na mwanamke mwema, unatembea mpaka mahali pa kazi pa mtu, unamsubiri mlangoni, na mimi nashukuru. Nilikuwa nikijidanganya kwamba kunyamaza si kusema. Kila siku niliyonyamaza nilimwita mwizi upya.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilingoja kibanda kijae. Nilitaka wawe wengi kama siku ile, na walikuwa wengi zaidi, kwa sababu mvua iliwafungia ndani. Niliingia na ile koili mpya mkononi kama mtu aliyeleta ushahidi, nikaona upuuzi wake, nikaitia mfukoni.

"Shemeji yangu hakuiba kitu," nikasema. "Koili ilikuwa nzima. Punda hakuwaka kwa sababu nilipaka rangi mahali pa ethi, mimi, kwa mikono hii. Nimelijua hilo tangu Jumatano ya wiki iliyopita na nimenyamaza."

Kinyozi akazima mashine. Mteja kwenye kiti alikuwa kanyolewa nusu kichwa.

"Unatania," kinyozi akasema.

"Sitanii."

"Lakini ulimmwagia mkoba."

"Nilimmwagia."

Mzee mmoja kwenye kona, anayekuja pale kusoma magazeti tu, akasema bila kuinua macho, "Na sisi tulitazama." Kinyozi akawasha mashine akaendelea kunyoa, polepole mno, na nikajua wanangoja nitoke ili waweze kuongea. Nikatoka.

Kisha nikampigia mkunga. Nikamweleza hayo hayo. "Mimi nitakwenda kwa mwenye kiwanda," akasema. "Nitajiumbua mwenyewe, nimestahili. Lakini wewe utangulie kwa kijana." Hakuniita mwanangu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anakunja nguo. Nilimweleza yote, nimesimama, kama ninayetoa taarifa kwa mkuu wa kazi. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kinyozi anajua?"

"Nimetoka kumwambia."

"Kabla yangu."

Nikalitazama lile shati mikononi mwake.

"Na yeye mwenyewe umeshamwambia?"

"Bado."

"Umeanza na wanyolewaji," akasema. "Ukafuata na simu. Nami nimekuwa wa tatu. Mdogo wangu ni wa ngapi kwenye foleni yako?" Alilia hapo, ila si kwa sauti. "Wiki tatu nimeosha sahani yake, bwana wewe. Wiki tatu najiuliza kama nimezaliwa na mwizi. Umenifanya nimshuku mtoto niliyembeba mgongoni."

Hilo sikulijua. Nilidhani kimya chake chote kilikuwa hasira juu yangu. Kumbe nusu yake ilikuwa shaka, na shaka hiyo nilimpa mimi.

Jumapili, 13 Aprili

Kiwanda kimefungwa leo, na chumba anachopanga shemeji hakuna aliyenielekeza. Nilimwomba mke wangu, akasema, "Kamtafute ulikompeleka."

Jumatatu, 14 Aprili

Nilifika kwenye kiwanda cha mbao kabla ya saa ya kutoka. Mvua ilikuwa imekatika, maji yanatiririka kwenye mfereji yakiwa na vumbi la mbao juu. Nilisimama kando ya geti, karibu na mlinzi, mtu mzima mwenye koti la mvua lililomzidi. Nikamwamkia, nikamwambia namsubiri ndugu. Akanipa gogo nikalie. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima.

King'ora kikalia, wakaanza kutoka, wanaume kwa wanawake, wanacheka, wanataniana. Walipita mbele ya mlinzi bila kusimama. Mmoja alimpiga kofi la mgongo. Hakuna aliyekaguliwa.

Shemeji alikuwa nyuma, peke yake. Alipofika kwa mlinzi akasimama. Akauweka mkoba wake chini, akaufungua mdomo. Kisha akaivuta mifuko ya suruali nje, yote miwili, ikaning'inia mapajani mwake, na akainua mikono kidogo. Mlinzi akageuza uso akatazama barabarani.

Niliinuka kwenye gogo. Nilimshika mlinzi mkono wa koti, nikamuuliza kwa nini anamfanyia hivyo, kwa nini yeye tu. Nilimfokea, mimi!

"Mimi?" mlinzi akasema. "Mimi sijawahi kumwambia. Siku ya pili tu bosi alisema tuwe macho, naona kijana alisikia. Tangu hapo kila jioni anajitoa mwenyewe. Nimemkataza, hasikii. Hata sijui nitazame wapi."

Shemeji akaniona. Hakushtuka.

"Shikamoo, shemeji," akasema. Mifuko bado iko nje.

Nikasema. Sikumbuki maneno mazuri hata moja. Nilisema kwa sauti ili waliotangulia wasikie, kwamba mimi ndiye niliyemwita mwizi na nilikuwa mwongo, kwamba kosa lilikuwa rangi yangu, kwamba nilijua nikanyamaza. Baadhi waligeuka. Mlinzi akavua kofia, sijui kwa nini.

"Nimesikia," shemeji akasema. "Kinyozi ana mdomo."

"Basi rudi. Rudi gerejini. Kesho, leo hii."

"Nitakuja kula Jumapili. Mwambie dada." Akafikiri kidogo. "Kazi, niache hapa."

"Hapa unajikagua kila siku mbele ya watu, shemeji!"

"Hapa najikagua mwenyewe," akasema, bila ukali. "Nikijitoa mifuko mwenyewe, hakuna atakayenimwagia."

Alisema hivyo kama mtu anayekueleza njia fupi ya kwenda sokoni.

Alifunga mkoba, akautia begani. Akaurudisha mfuko wa kulia ndani. Wa kushoto akausahau, ukabaki nje, mweupe, na vumbi la mbao kwenye mshono. Tulianza kutembea pamoja kuelekea barabarani. Nilitaka kunyoosha mkono niurudishe, kama ungemfanyia mdogo wako, lakini mkono ule niliujua ulichofanya, na nilimwacha atembee hivyo hivyo mpaka tulipoachana.